Kutafuta Kazi Mpya ya Uhandisi wa Programu Ukiwa Bado Kazini: Hatua kwa Hatua

Faida kubwa ya kutafuta kazi ukiwa bado na kazi ni kwamba unaweza kusema hapana. Mshahara ukiwa unaingia kila mwisho wa mwezi, unaweza kumkatalia anayetaka uanze Jumatatu kwa pesa ndogo, unaweza kuomba siku tano za kusoma mkataba, unaweza hata kujitoa katikati ya usaili ukiona wanaokusaili hawaheshimiani wao kwa wao. Aliyekaa miezi minne bila kazi akiulizwa "unataka kiasi gani?" anajibu huku anawaza kodi ya nyumba. Hatua zote zilizo hapa chini zinalinda uwezo huo wa kukataa, iwe ni kutunza siri, kupanga muda, kuweka akiba au kuhesabu tarehe za notisi.

Nawaandikia wahandisi wa programu walioko Tanzania na Kenya, na sheria nitakazozitaja ni za nchi hizo mbili. Kazi yenyewe inaweza kuwa ya hapahapa, au ya kampuni ya nje itakayokulipa ukiwa nyumbani kwako Mbezi au Rongai.

Hatua ya 1: Andika kinachokuondoa

Mistari mitatu inatosha. Kama ni mshahara, omba nyongeza kwanza, kwa maandishi, ukiambatanisha kazi ulizokamilisha. Kama ni kazi yenyewe kukudumaza, uliza kama unaweza kuhamia timu nyingine. Kama mishahara imeanza kuchelewa, ruka hatua hii, anza kutafuta leo. Karatasi hiyo itunze. Ofa ya kwanza ikija utaisoma tena, uone kama inatibu kilichokuumiza au inakuongezea pesa tu.

Hatua ya 2: Soma mkataba wako kabla ya kugusa CV

Watu wengi huusoma mkataba siku wanapouanza na siku wanapogombana. Usome sasa, ukiwa umetulia, kwa sababu kila tarehe utakayomwahidi mwajiri mpya inatoka humo.

Anza na notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 zote zinataka notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, na wahandisi waandamizi mara nyingi hukuta miezi miwili au mitatu. Tanzania muda huo mrefu lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. Mwajiri hawezi kukudai miezi mitatu huku yeye akijipa mmoja. Ukiondoka bila kutumikia notisi, jiandae kukatwa kiasi cha mshahara wa muda huo kwenye malipo yako ya mwisho.

Halafu likizo. Kenya una haki ya siku 21 za kazi kwa mwaka, Tanzania siku 28 mfululizo. Hesabu zilizobaki, maana ndizo utakazozitumia kwa usaili mrefu, na usizozitumia unalipwa ukiondoka. Walioko Tanzania waangalie jambo moja linalowaponyoka wengi: sheria hairuhusu notisi kutolewa ukiwa likizoni, wala notisi na likizo kwenda sambamba. Mpango wa "nitachukua likizo, siku ya tatu nitume barua ya kuacha kazi" utakukwamisha.

Tafuta pia vipengele hivi, na uvinukuu mahali: makubaliano ya mafunzo yanayokutaka urudishe ada ukiondoka mapema, katazo la kufanya kazi kwa mshindani, umiliki wa msimbo (code) unaouandika nje ya saa za kazi, na hisa. Hisa za kampuni changa kwa kawaida huiva, yaani huwa zako kidogo kidogo, kwa miaka minne, na mwaka wa kwanza huwa hupati chochote mpaka utimie. Ukiondoka mwezi wa kumi na moja umeondoka mikono mitupu, kwa hiyo pengine inafaa kusogeza mambo kwa wiki sita. Katazo la kushindana lisikutishe kupita kiasi. Kenya mahakama inaweza kulitengua likionekana si la haki, lakini ni bora ulijue kabla ya kuomba kazi kwa mshindani wa jengo la pili.

Nje ya mkataba kuna mambo ya nyumbani, na haya hayazungumzwi vya kutosha. Mkopo wa benki uliopewa kwa dhamana ya mshahara una masharti yake ukibadilisha mwajiri; yaulize kwa lugha ya jumla, bila kutaja kwamba unaondoka. Kwenye Sacco ya kazini, angalia nani umemdhamini, kwa sababu akiba yako inaweza kushikiliwa mpaka amalize kulipa au apate mdhamini mwingine. Na bima ya afya: ile ya kazini hukoma ukiondoka, na mpya inaweza kuwa na muda wa kusubiri, hasa kwa uzazi. Kama mkeo ni mjamzito, au wewe mwenyewe ni mjamzito, jambo hili linaweza kuamua mwezi wa kuhama kuliko mshahara wowote.

Hatua ya 3: Tenga vifaa vya kazi na vya kutafutia kazi

Laptop ya ofisi, barua pepe ya ofisi, Slack ya ofisi na Wi-Fi ya ofisi ni macho ya ofisi. Usifungue tangazo la kazi humo, usihifadhi CV humo, usikubali mwaliko wa usaili kwenye kalenda ambayo bosi anaiona. Tumia simu yako na bando lako. Kama huna kompyuta binafsi, nunua iliyotumika kabla ya kuanza kutuma maombi. Ni gharama, lakini kuna sababu kubwa kuliko siri.

Anayetafuta kazi huku ana funguo za mifumo ya mwajiri wake ni mlango ambao wezi wanaufahamu vizuri. Machi 2022 mtandao wa Ronin, unaobeba fedha za mchezo wa Axie Infinity, uliibiwa fedha za kidijitali zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600, na FBI ikalitaja kundi la Lazarus la Korea Kaskazini. Taarifa zilizochapishwa Julai mwaka huo zilieleza kwamba mhandisi wa Sky Mavis, kampuni iliyotengeneza mchezo huo, alifuatwa kupitia LinkedIn, akapitishwa kwenye usaili wa hatua kadhaa na kampuni isiyokuwepo, akatumiwa ofa nono kwa PDF. Ndani ya PDF mlikuwa na programu ya ujasusi. Novemba 2023 watafiti wa Unit 42 wa Palo Alto Networks wakaeleza mbinu inayofanana nayo waliyoipa jina Contagious Interview: "mwajiri" anakutumia jaribio la msimbo, unalipakua, unaliendesha, na mojawapo ya mafurushi ya npm (vipande vya msimbo vya kupakuliwa) yaliyomo linaanza kuiba nywila zako.

Kwa hiyo jaribio lolote la usaili liendeshe kwenye kompyuta binafsi, ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza iliyotengwa ndani ya kompyuta yako), baada ya kusoma faili la package.json, linaloorodhesha mafurushi na amri za mradi, na kuona ni amri gani zinajiendesha wakati wa kusakinisha. Kampuni usiyoijua ihakiki kwanza: tafuta wafanyakazi wake halisi, iandikie kupitia tovuti yake yenyewe, uliza kama aliyekutafuta ni mtu wao. Anayekuharakisha kuendesha msimbo mkiwa kwenye simu ya video, kata simu.

Hatua ya 4: Andaa CV na ushahidi usio na siri za watu

Msimbo ulioandika kazini ni mali ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania zinasema hivyo. Usiunakili kwenda GitHub yako (tovuti ya kuhifadhi msimbo), hata kipande. Taarifa za wateja ndizo zenye hatari zaidi, kwa kuwa Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya taarifa binafsi ya 2022. Unachoruhusiwa kubeba ni ujuzi na namna ulivyolitatua tatizo.

Hapo ndipo CV nyingi za kwetu zinapopwaya. Mtu anaandika "niliunganisha malipo ya M-Pesa". Wameunganisha wengi. Andika kilichokuwa kigumu. Aliyewahi kufanya kazi na Daraja ya Safaricom, mfumo wa kuunganisha programu na M-Pesa, anajua kwamba mteja anaweza kuwa ameshaweka PIN, pesa imekatwa, na majibu yasifike kwenye seva yako, au yafike mara mbili. Sasa eleza: ulitunza CheckoutRequestID (namba ya utambulisho) ya kila ombi la malipo, ukahakikisha jibu la pili la muamala uleule haliandiki malipo mapya, ukaweka kazi ya usiku inayouliza hali ya miamala iliyokwama. Msaili wa Berlin ambaye hajawahi kushika simu yenye M-Pesa ataelewa mara moja, kwa sababu tatizo hilo lipo kwenye kila mfumo wa malipo duniani. Hali ni hiyohiyo kwa aliyepambana na control number (namba za kumbukumbu) za malipo ya serikali Tanzania, au programu inayofanya kazi vijijini ambako mtandao unakuja na kuondoka. Tusiyaone haya kuwa madogo kwa sababu tumeyazoea.

Takwimu ziwe za uwiano: "malalamiko ya malipo yalipungua kwa nusu" inatosha. Majina ya wateja na kiasi cha miamala viache. Kwa mradi binafsi, angalia kwamba git, programu inayotunza historia ya msimbo, inatumia barua pepe yako binafsi, na ufanye kazi nje ya saa za ofisi. Kila badiliko lina tarehe na saa, na mtu anaweza kusoma.

Hatua ya 5: Jitokeze kimyakimya

Kwenye LinkedIn, fremu ya kijani ya kutafuta kazi huonekana na kila mtu, bosi akiwemo. Upo mpangilio unaoonekana na maafisa wa uajiri peke yao. LinkedIn hujaribu kuwaficha wale wa kampuni yako, lakini yenyewe inasema haitoi hakikisho. Zima pia taarifa zinazotangaza mabadiliko ya wasifu wako, na uurekebishe kidogo kidogo. Wasifu uliolala miaka mitatu ukiamka na picha mpya, vyeti sita na maelezo mapya ndani ya usiku mmoja, wenzako watajua.

Ofisi za teknolojia za Nairobi na Dar ni chache na watu wake wanafahamiana, kwa hiyo njia yenye nguvu zaidi ndiyo pia yenye kuvuja zaidi: watu. Chagua wachache uliofanya nao kazi zamani na ambao hawapo tena kwenye kampuni yako. Mwandikie kila mmoja kivyake, useme unatafuta nini hasa, na umwombe asilipeleke mbali: "Kaka, naangalia nafasi za mifumo ya nyuma (backend), hasa malipo. Ukisikia kitu kwenu nishtue, ila tafadhali ibaki kati yetu." Ujumbe kama huo, kwa mtu anayejua kazi yako, una uzito kuliko maombi mengi yaliyotumwa usiku kwa kubofya tu.

Kwa mawakala wa ajira kuna sharti moja la kuwapa kwa maandishi: CV yangu isitumwe kokote kabla hujaniambia jina la kampuni na mimi nikakubali. Usipofanya hivyo inaweza kutua kwa mkurugenzi wako mwenyewe, au mawakala wawili wakaipeleka mahali pamoja na wewe ukaachwa ili kuepuka ugomvi wa kamisheni.

Hatua ya 6: Panga usaili bila kudanganya

Saa ya dhahabu kwa kazi za nje ni saa 12 jioni. Wakati huo London ni saa 9 alasiri majira ya baridi na saa 10 majira ya kiangazi, Berlin ni saa 10 au saa 11 jioni, na New York ni saa 4 au saa 5 asubuhi. Wote wako kazini na wewe umeshatoka. Kwa San Francisco sogea hadi saa 2 usiku, ambapo kwao ni saa 3 au saa 4 asubuhi. Kumbuka sisi hatubadilishi saa lakini wao hubadilisha, na Marekani na Ulaya hazibadilishi wikiendi moja. Machi na Oktoba-Novemba hakiki kila mwaliko. Panga mazungumzo ya kwanza siku unayofanya kazi kutoka nyumbani, maana foleni ya Bagamoyo au Thika Road haina habari na usaili wako.

Usaili wa mchana uchukulie likizo ya siku moja au nusu siku. "Nina shughuli binafsi" ni sababu kamili, hudaiwi maelezo. Usizushe ugonjwa na, nakusihi, usizushe msiba. Ofisi zetu huchangishana rambirambi na wengine watakuja hadi nyumbani. Hakuna kazi inayostahili kubeba uongo wa namna hiyo mbele ya watu waliokutendea wema.

Maandalizi yafanye asubuhi kabla ya kazi, saa moja tu, kwa wiki sita hadi nane. Usiku ubongo umechoka na mtoto anataka kucheza. Gawa muda kati ya mafumbo ya algoriti, usanifu wa mifumo, na kusimulia kazi zako kwa sauti. Hili la tatu ndilo tunalolidharau na ndilo linalotuangusha, kwa sababu usaili utakuwa wa Kiingereza na wengi hatujazoea kujisifu kwa lugha yoyote. Simulia hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya wewe (si "tulifanya"), na matokeo. Jirekodi, sikiliza, rudia.

Jaribio la kufanyia nyumbani liulizie muda kabla ya kukubali. La saa tatu au nne ni sawa. La wiki nzima litakula kazi yako ya sasa, na hapa tumia ule uwezo wa kukataa: omba wakusaili kwa njia nyingine.

Ukiulizwa kwa nini unaondoka, jibu kwa unachokiendea. Ukiulizwa wadhamini (referees), toa mabosi wa zamani, na useme wazi kwamba mwajiri wa sasa asiguswe mpaka ofa isainiwe. Ombi hilo ni la kawaida kabisa, na kampuni makini hulielewa.

Na kazi ya sasa iendelee kufanywa vizuri. Wenzako wasibebe mzigo wako kwa sababu akili yako imeshahama.

Hatua ya 7: Ipime ofa kwa pesa inayobaki mkononi

Usitaje mshahara wako wa sasa kama kianzio. Taja kiwango unachotaka, ukiwa umeuliza watu wa ngazi yako wanalipwaje.

Ofa za nje zinahitaji hesabu ya makini. Ukiajiriwa kupitia kampuni ya kati kama Deel au Remote inayokuajiri kwa sheria za nchini, unabaki mwajiriwa na makato yanaendelea. Ukichukuliwa kama mkandarasi huru, dola zinakuja nzima na majukumu yote yanahamia kwako. Hakuna likizo ya kulipwa: siku 21 kati ya takriban siku 260 za kazi ni asilimia 8 ya mwaka, itoe. Toa bima ya afya ya familia. Toa kodi ya mapato. Kenya anayejilipia huipeleka kwa awamu, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Toa mchango wa SHIF, mfuko wa bima ya afya wa Kenya, wa asilimia 2.75, na akiba ya uzeeni ambayo hakuna atakayekuchangia. Toa mkopo wa chuo: ulipokuwa umeajiriwa, HESLB ya Tanzania ilikuwa inakatwa na mwajiri asilimia 15 ya mshahara, HELB ya Kenya nayo ilikuwa inakatwa kazini, na madeni hayo hayafi kwa kuwa umekuwa mkandarasi. Kisha soma wanaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku ngapi. Ofa yenye notisi ya siku saba inakudai akiba ya miezi mitatu hadi sita benki kabla hujaikubali.

Hata ajira ya kawaida huanza kwa udhaifu. Kenya, aliye kwenye kipindi cha majaribio anaweza kuachishwa kwa notisi ya siku 7. Tanzania, kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu mwenye chini ya miezi 6 kazini. Uliza kampuni ina fedha za muda gani. Ni swali la heshima, na jibu la kubabaisha ni jibu pia.

Hatua ya 8: Saini kwanza, kisha toa notisi

Usiache mbachao kwa msala upitao. Simu ya "hongera, umepata" si ofa, wala barua pepe ya "mkataba unakuja wiki ijayo". Subiri mkataba uliosainiwa na pande zote, wenye mshahara, tarehe ya kuanza, na masharti yote ya uhakiki yakiwa yamekamilika. Kama wanataka cheti cha tabia njema au uthibitisho wa shahada, vipate kwanza.

Mwambie bosi wako ana kwa ana, halafu mkabidhi barua siku hiyohiyo. Iwe fupi: "Natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi kuanzia leo tarehe 3 Machi. Siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe 31 Machi. Nitakabidhi kazi zangu zote kabla ya siku hiyo." Malalamiko hayahitajiki humo. Baki na nakala yenye saini ya kupokelewa.

Akikuongezea mshahara ubaki, toa ile karatasi ya hatua ya kwanza. Kama tatizo lilikuwa pesa tupu, lifikirie kwa uaminifu, ila ujue umeshasaini kwingine. Kama lilikuwa jambo lingine, mshukuru na uendelee. Akikwambia uondoke leoleo na uko Kenya, sheria inamtaka akulipe muda wa notisi ulioutoa, isipokuwa mmekubaliana vingine.

Wiki za notisi andika maelezo ya mifumo unayoijua peke yako: funguo zinabadilishwaje, kazi za usiku zinaanguka wapi, nani wa kupigiwa upande wa benki. Fanya makabidhiano ya mazungumzo pia, na aliyepokea atoe toleo moja jipya la programu mwenyewe ukiwa pembeni.

Hatua ya 9: Usiondoke bila makaratasi

Dai cheti cha utumishi. Ni haki yako nchi zote mbili, na mwajiri hakupi fadhila. Pata hesabu ya malipo ya mwisho kwa maandishi, ikionyesha siku za likizo zilizobaki. Angalia kwenye NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kama michango ya miezi yote iliingia kweli, kwa sababu kuidai ukiwa bado unafahamiana na watu wa HR ni rahisi kuliko miaka mitano baadaye. Walioko Kenya waombe P9 ya mwaka huo, fomu inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa. Ukihama katikati ya mwaka utakuwa na P9 mbili, na zote mbili huingia kwenye ritani moja ya KRA (mamlaka ya mapato) kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.